Kiboko Alivyohudhuria Matanga Yake

Paukwa.
Pakawa.
Nyumba?
Ya mwenyewe.
Chumba?
Cha mpangaji.
Na choo?
Kimejaa.

Kimejaa, ndiyo, na ugomvi ulianzia hapo. Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, nikianza sitaki kelele.

"Laki nne na themanini elfu," Kiboko alikuwa akisema, na tumbo lake limeziba mlango mzima. "Miezi sita. Nakwambia kwa mara ya mwisho, na mara ya mwisho nilishaisema juzi."

Ndani alikaa Nguchiro, juu ya rundo la turubai, anashona tundu. Kazi yake ndiyo hiyo: kukodisha turubai, viti na masufuria kwa wenye shughuli. Mwili wake wote ungeingia katika sikio la Kiboko, nafasi ikabaki.

"Themanini mara sita, nimeona," akasema. "Lakini naingia humu ilikuwa hamsini."

"Maji yakapanda."

"Ikawa sitini."

"Kodi ya jengo ikapanda."

"Ikawa sabini. Na hii themanini, baba?"

"Nyanya zimepanda."

"Nyumba inakula nyanya?"

"Mwenye nyumba anakula."

"Na ile miezi ya hamsini, mbona nayo umeipiga kwa themanini?"

"Kodi ikipanda inapanda na ya nyuma," Kiboko akasema. "Utaiachaje ya nyuma peke yake kule chini?"

Sasa tuseme haki, maana mimi simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuwa mwenye nyumba mjini si lelemama. Bili ya maji ilikuja nene kuliko mwenyewe Kiboko. Gari la kunyonya majitaka lilikuwa elfu tisini, likawa laki na nusu, na dereva akiulizwa anaonyesha bomba tu. Mabati yamepanda, saruji imepanda, hata msumari mmoja sasa unauzwa kwa kuringa. Shimo la choo lilikuwa likichemka, blup, blup, blup, na Kiboko akilisikia moyo wake nao unafanya blup.

Hayo yote tungemhurumia. Lakini alifanya jambo moja hakumwambia mtu. Chumba cha Nguchiro alikwisha kukipangisha kwa Nyati. Nyati alilipa mwaka mzima kwa mkupuo, laki na ishirini kila mwezi, na angehamia Ijumaa. Hela ile Kiboko hakuipeleka kwa gari la majitaka. Aliila. Matoroli kumi na manne ya majani mabichi, chwaka, chwaka, chwaka, siku mbili hakuna hela wala majani.

Basi ikawa lazima Nguchiro atoke kabla ya Ijumaa. Nyati hana maneno mengi. Ana pembe.

Jumatatu asubuhi Kiboko akaja, puu, puu, puu, nyuma yake nyani wawili wabeba mizigo. "Kitanda mkitupe nje, turubai mzitupe nje, naye mumtupe nje," akawaagiza.

Wakafika uani. Turubai moja ilikuwa tayari nje, imetandazwa juu ya miti. Chini yake viti, mikeka, na akina mama Kanga wa jirani wamejifunika nguo zao za madoadoa, wanalia: kwi-kwi-kwi, kwi-kwi-kwi.

"Kuna nini?" Kiboko akauliza.

"Msiba, baba," Nguchiro akasema, uso kauinamisha. "Shangazi yangu. Ameondoka ghafla."

Nanyi mnajua, mji ule kama mji wenu, nyumba yenye msiba haidaiwi. Mwenye kudai hukaa mkekani akala pilau akangoja. Korongo, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwapo, amesimama kwa mguu mmoja na daftari la rambirambi chini ya bawa.

"Vua kofia, mzee Kiboko," akasema. "Kiasi gani nikuandike?"

Kiboko akatoa elfu kumi. Ilimuuma kama jino. Ili irudi japo kwa njia nyingine, akala sahani saba za pilau. Siku tatu za matanga akaja kula, siku tatu akatoka amelegea, kodi hakuikumbuka mpaka amefika kwake.

Alhamisi asubuhi akarudi na nyani wake, puu, puu, puu. Turubai ipo. Kanga wapo. Kwi-kwi-kwi.

"Matanga si yalianuliwa jana?"

"Ya shangazi, ndiyo," Nguchiro akasema. "Haya ni ya mjomba."

"Mjomba naye ameuawa na nini?"

"Alikuja kumzika shangazi. Mfupa wa pilau ukamkwama."

"Una ndugu wangapi wewe mama?"

"Sisi ni wengi, baba, na afya zetu si nzuri."

Korongo akafungua daftari. Kiboko akatoa elfu kumi nyingine, na wakati akiitoa akachungulia ukurasa. Watu walikuwa wamechanga. Aliyetoa elfu tano yumo, aliyetoa elfu ishirini yumo, na chini, jumla imepigwa mstari: laki tatu na arobaini. Jicho la Kiboko likakwama pale kama mfupa wa mjomba.

Akawaza. Hela nyingi hivi, zatoka uani kwangu, zamwendea panya-mwitu huyu. Mimi nina jina mji huu. Msiba wangu utachangiwa mara mbili. Nikilia vizuri nitapata ya Nyati, ya gari la majitaka, na ya nyanya.

Akamvuta Korongo pembeni.

"Mjumbe, andika. Na kwangu kuna msiba."

"Pole sana. Nani?"

Kiboko hakuwa amejiandaa. Shangazi yake alishamfukuza chumba namba mbili. Mjomba alishamfukuza chumba namba nne. Mama yake mzazi alimpandishia kodi mpaka akahamia mkoa mwingine. Akatafuta jina, hakupata, akafunika uso kwa mguu.

"Usiniulize," akasema. "Inaniuma. We tangaza tu, msiba kwa Kiboko, michango ianze leo."

Kisha akaenda zake kukopa mchele, sokoni mbali, kule ambako hawajamjua.

Korongo akabaki anakuna kichwa. "Msiba kwa Kiboko. Lakini marehemu ni nani?"

Nguchiro alikuwa anapita na sufuria. "Kwa Kiboko anaishi nani?" akauliza.

"Kiboko."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi mjumbe, unanihangaisha bure."

Korongo akashusha mguu, akapandisha mwingine. Kwa daftari lake hesabu ilikubali. Akaandika.

Ijumaa Kiboko anarudi na gunia la mchele mgongoni, amekwisha kujikamulia kitunguu machoni. Akakuta turubai imehamia mbele ya mlango wake. Mji mzima upo. Waliotoa elfu tano wapo, waliowahi kufukuzwa nao wapo, na hao ndio waliovaa vizuri zaidi. Kiboko akafurahi moyoni. Akatua gunia, akamwegemea Kanga mmoja, akalia kidogo.

"Pole, baba," Kanga akamwambia. "Ulikuwa unamfahamu?"

"Nani?"

"Marehemu. Kiboko, mwenye nyumba. Alikuwa na roho ya korosho, ila wafu hawasemwi."

"Kiboko ni mimi."

"Sote tunajisikia hivyo leo," Kanga akasema, akampa kitambaa.

Kiboko akapenya mpaka kwa Korongo. "Mjumbe, kuna kosa. Mimi ni mzima."

"Umechelewa," Korongo akasema. "Jina limeandikwa kwa wino. Michango imeshafika laki sita."

"Laki sita." Kiboko akameza mate. "Anapokea nani?"

"Mfiwa."

"Mfiwa ni nani?"

"Mama Nguchiro. Marehemu hana ndugu, na huyu alikuwa kwake kila siku. Au yeye alikuwa kwa huyu kila siku, ni mamoja."

Nguchiro alikuwa amekaa kichwani mwa mkeka, macho mekundu, bahasha tele mapajani. Akainua mkono. "Mjumbe, kabla hatujaenda makaburini, tufuate utaratibu. Anayedaiwa na marehemu ajitaje, tumwombee msamaha."

"Ni haki," watu wakasema.

"Naanza mimi. Ananidai laki nne na themanini elfu. Inaniuma kwamba hataipata."

Korongo akanyoosha shingo. "Marehemu, kama hujamsamehe, sema sasa."

"Sijamsamehe," Kiboko akasema.

Korongo akatega sikio huku, akatega huku. "Marehemu amenyamaza. Imesamehewa."

"Nimesema sijamsamehe."

"Wewe ni nani?"

"Kiboko."

"Kiboko ni marehemu, na marehemu hasemi. Kaa chini, mzee, unawasumbua wafiwa."

Kiboko akafungua kinywa, kile kinywa chake mnachokijua, apige ukelele wa kuupasua mji. Kabla sauti haijatoka, njia ikatetema. Gu-du-gu, gu-du-gu. Nyati huyo, kitanda kipo juu ya pembe, godoro mgongoni, kandambili mdomoni.

Akatua kitanda. "Namtafuta Kiboko," akasema. "Nimelipa mwaka. Chumba kiko wapi?"

Mji mzima ukageuka kumtazama Kiboko.

"Mzee," Korongo akasema, "si ulisema Kiboko ni wewe?"

Kiboko akaziangalia zile pembe. Moja ilikuwa na kamba ya kitanda bado inaning'inia. Akajilaza mkekani taratibu, akakunja miguu, akafumba macho.

"Nimekufa," akasema. "Tangu jana."

Kwi-kwi-kwi, Kanga wakaanza upya.

Nyati akamzunguka mara mbili, akamnusa. "Sasa hela yangu nitamdai maiti?"

"Deni la marehemu hulipwa kabla ya kuzikwa," Korongo akasema. "Milioni moja laki nne na arobaini. Rambirambi haifiki."

"Na rambirambi ina pilau ndani yake, mjumbe," Nguchiro akasema upesi. "Lakini Nyati hakulipia hela. Alilipia chumba. Na chumba cha marehemu, nisameheni kusema mapema, si kimebaki kitupu?"

Watu wakatazamana. Kilikuwa kitupu, kikubwa, kina dirisha la njiani na feni. Nyati akaingia, akakikagua, akatoka. "Kimenifaa," akasema, akaingiza kitanda. Kiboko aliyasikia yote kwa sikio moja wazi. Alisikia mpaka kandambili zikiwekwa chini ya dirisha lake.

Wakamtia katika jeneza lisilo na kifuniko, wakambeba. Wabebaji ishirini na wanne, wakipokezana, hee-ya, hee-ya, mpaka makaburini kandokando ya mto. Kaburi lilichimbwa na timu tatu, na kila timu ilikuwa na bei yake. Kiboko akanusa udongo mbichi. Akafungua jicho moja, akaliona lile shimo, akaona hata siafu wanaomngoja.

Akaruka. Wabebaji chini, jeneza chini, yeye chubwi, mtoni.

Korongo akasogea ukingoni, kwa mguu mmoja, kwa utulivu wa mtu mwenye daftari. "Mzee Kiboko," akasema, "mimi sikulazimishi. Ukitoka, wewe ni mzima, na ukiwa mzima, laki sita za watu zirudi, pilau irudi, wachimbaji walipwe, Nyati arudishiwe mwaka wake. Ukibaki humo, tutahesabu umezikwa na maji. Amua."

Kiboko akaamua. Ndiyo maana mpaka kesho yumo majini, amebakisha macho na tundu za pua, na mkipita karibu anazama polepole kama kitu kisichokuwapo. Usiku akitoka kula majani, hula haraka haraka, akigeuka nyuma.

Na funzo la kisa hiki mlishike. Wapangaji, lipeni kodi kwa wakati. Tazameni yaliyompata Nguchiro kwa kutolipa: ana chumba, ana bahasha, deni limefutwa mbele ya mashahidi, na jirani mpya anamwamkia shikamoo kila asubuhi. Mtu mwenye akili angependa yampate hayo? Nanyi wenye nyumba, gharama zikipanda vumilieni, na mkitaka kumtoa mpangaji, mtoeni mkiwa hai.

Kisa nimekitua. Kama kimewanogea, gawaneni mlivyokaa. Kama kimechacha, msinirudishie mimi, kamwagieni mtoni.

Mkienda huko mtamkuta Nguchiro ukingoni. Kila Ijumaa huja, hukaa juu ya jiwe, hungoja zile pua ziibuke kuvuta pumzi. Pfuu. Naye husema bila kupandisha sauti:

"Turubai siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, viti hamsini, sufuria mbili. Laki moja na sitini elfu. Lete."