Ugonjwa wa Gari la Ambokile

Ukiisoma hadi mwisho, mpelekee mtu mmoja mwenye gari. Asiye na gari naye mpelekee, maana habari hii si ya magari peke yake.

Kule Tukuyu, kwenye milima ya chai na mvua isiyochoka, aliishi muuza mbegu aitwaye Ambokile. Alikuwa na pikapu nyeupe aliyoipenda kama mboni ya jicho lake.

Gari hilo likaingiwa na ugonjwa. Asubuhi lilikuwa likiwaka vizuri na kupanda mlima bila kulalamika. Likishapata moto, linazima ghafla. Injini kimya, taa kimya, hata honi. Ukilisubiri likapoa, linawaka kana kwamba halijafanya kosa lolote.

Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Gari likatembea wiki nzima, Ambokile akaanza kumsifu fundi, likazima katikati ya daraja. Fundi wa pili akasema betri ile haikuwa na kosa, tatizo ni pampu ya mafuta, akafunga mpya. Wa tatu aliing'oa pampu mpya, akafunga nyingine, akabadilisha na plagi, akaapa kwamba kazi imekwisha. Kesho yake Ambokile alivutwa kwa kamba hadi nyumbani, nyuma ya trekta la chai, watu wakimpungia mikono kama bwana harusi.

Akachoka. Akaamua kuliuza.

Rafiki yake akamshauri amwite mnunuzi asubuhi, injini ikiwa baridi, amzungushe mtaani kidogo, na wamalizane kabla gari halijapata moto. Tusekile, mkewe Ambokile, alisikia ushauri ule akiwa anapepeta mchele. Alizidisha tu nguvu za kupepeta.

Mnunuzi akaja. Alikuwa dada mmoja, Subilaga, aliyekusanya maziwa kwa wafugaji wa milimani na kuyashusha mjini kabla hayajachacha. Alikuwa amechoka kukodi magari ya watu. Alikaa kwenye usukani, Ambokile pembeni yake, wakazunguka mtaani. Gari likamtii. Subilaga akatabasamu na kuuliza kama lina tabu yoyote.

Ambokile alikuwa na jibu tayari mdomoni. Lakini kabla hajalitoa, yule dada akaendelea kusimulia, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta, kwamba njia yake ya maziwa inashuka kando ya korongo refu, na kwamba mama yake mzazi hukaa naye mbele kila siku ili amsaidie kupima maziwa.

Ambokile aliijua njia ile. Akaliona gari likizima kwenye ukungu, usukani na breki vikiwa vizito, na mama wa watu amekaa pale mbele.

"Mwanangu, simamisha gari tushuke," alisema. "Gari hili ni gonjwa."

Akamweleza yote. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, akatoa na lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Masika ya mwaka juzi alijitia ushujaa wa kuvuka mto uliofurika, gari likazama hadi kwenye viti. Alilitoa, akalianika juani, akanyamaza, kwa kuogopa kwamba likijulikana limezama halitakuwa na bei tena. Hata mafundi hakuwaambia.

Kisha akasubiri mnunuzi ajiendee zake.

Subilaga akasema kwamba amezunguka kwa wauzaji wengi, na kwa maneno yao magari yote hayakuwa na ugonjwa hata mmoja. Huyu ndiye wa kwanza anayeweza kumwamini. Akamwomba waende wote kwa Mwaisaka, fundi wa umeme wa magari anayemfahamu.

Mwaisaka aliposikia habari za mto, hakugusa hata boneti. Alifungua mlango, akainua zulia chini ya miguu ya dereva. Pale nyaya zinapoungana palikuwa na kutu ya kijani kibichi. Gari likipata moto, viungo vile vililegea na umeme ukakatika. Akaikata sehemu iliyooza, akaunga upya, akafunga. Wakalipandisha gari mlima na kulishusha hadi jua likainama. Halikuzima.

Ambokile akauliza kwa nini wale wengine hawakuliona jambo jepesi namna ile.

Mwaisaka alijifuta mikono. "Mzee, wenzangu walikuwa wanatibu gari ambalo halijazama."

Subilaga akamkabidhi Ambokile ufunguo. "Sasa limepona, baba. Ukitaka kubaki nalo, sitakulaumu."

Ambokile akaushika ufunguo. Tusidanganyane, moyo ulimvuta. Alilitazama gari lake, akamtazama yule dada, akamrudishia ufunguo mkononi.

"Nilikuwa radhi kukuuzia likiwa gonjwa," alisema. "Sitakunyima likiwa zima."

Jioni, wakila, akamsimulia mkewe yote tangu mwanzo, na alipofika kwenye mto akainamisha kichwa. Tusekile alicheka hadi akaweka tonge chini. Akamwambia kwamba alijua tangu masika yale, kwa sababu siku alipofagia gari alikuta kisamaki kikavu chini ya kiti. Hakujua kama mafundi wangekihitaji. Alikuwa anasubiri tu mwenye gari aseme mwenyewe.

Ambokile naye akacheka, na chakula cha usiku ule kilikuwa kitamu kuliko alivyokizoea.

Funzo: Mficha maradhi hawezi kumlaumu mganga. Sema ukweli wote kwa anayekutibu na kwa anayekuamini. Huenda ukweli unaoogopa kuwa utakuharibia ndio dawa uliyokuwa ukiitafuta.