Matonge Matatu ya Siwema

Tegeni masikio, na aliyeshiba asinisute. Hapo kale Kombo alilaaniwa, akaota manyoya ya fisi, akafukuzwa kijijini. Siwema naye, kwa kuwa mama yake alikufa akimzaa, alihesabiwa mkosi, hakukaribishwa kwenye sahani ya mtu. Akawa anampelekea Kombo ugali porini, hata wakapendana.

“Usile nami,” Kombo alimwonya. “Atakayekula nami atayarithi manyoya haya.”

“Hata bila manyoya watu hawali nami, mpenzi,” Siwema alisema, akala naye.

Tonge la kwanza, manyoya yakatoka mikononi mwa Kombo, yakamhamia Siwema. La pili, yakamtoka usoni. La tatu, akasimama kijana mzuri, na Siwema akafunikwa manyoya hadi kope.

Wakarudi pamoja. Kijiji kikampigia Kombo vigelegele, kikamwandalia sinia la pilau.

“Na fisi huyo, ni wako?” wakamuuliza.

Kombo akanawa mikono. “Simjui.”

Yangu nimeyatema, awezaye kuyameza, na ayameze.