Asali ya Koo la Mfalme

Zamani, wakati wanyama wangali wakisalimiana kabla ya kulana, ukame uliingia katika bonde la Mawemoto ukakataa kutoka. Mvua za vuli hazikuja. Za masika zilionekana kwa mbali, zikanyesha kwa wengine, zikaenda zao. Mito ikabaki mchanga mtupu. Maji yaliyosalia yalikuwa ya chemchemi moja tu, chini ya jabali kubwa, na hapo ndipo wanyama wote walipohamia. Jabali lilikuwa na mapango yenye ubaridi mzuri, kila mmoja akajichagulia lake. Mama Pimbi na wanawe watatu walikaa juu kidogo, Sungura jirani yao, mzee Nyati na ukoo wake kwenye pango pana la chini, na Mfalme Simba, kwa kuwa ni mfalme, mbele ya maji kabisa.

Fisi alichelewa kufika. Alikuta mapango yote yameshikwa, akalazimika kulala nje chini ya mgunga. Hilo lilimuuma, lakini tumbo lilimuuma zaidi. Alikuwa msemaji wa mfalme, kazi ambayo ujira wake ni mifupa inayobaki mezani, na siku hizo mfalme alikuwa akitafuna mpaka mifupa. Fisi alikuwa akisimama pembeni akihesabiwa kuwa mheshimiwa, huku mate yakimchuruzika kama maskini mwingine yeyote.

Mfalme naye alikuwa amekonda. Alasiri moja alipanda juu ya jiwe lake ili angurume, raia wasije wakasahau nani mkubwa. Akavuta pumzi, akapanua kinywa, na kilichotoka kikawa kikohozi. Kikohozi kikavu, kama cha mbuzi mzee. Fisi akageuza uso haraka ili acheke bila kuonekana.

Hapo hapo ardhi ikatikisika.

Kwanza ulisikika mlio kutoka chini, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Kisha kila kitu kikaenda mrama. Miti ilipepesuka bila upepo, maji ya chemchemi yakaruka nje ya kisima chake, na jabali likaanza kudondosha mawe. Vumbi likafunika mchana. Haikuchukua muda; hata mfupa wa bega usingemalizika kutafunwa.

Vumbi lilipotulia, pango la Nungunungu halikuwapo tena. Njia ya malishoni ilikuwa imekatwa na ufa ambao hata Swala hakuthubutu kuuruka. Chemchemi ilitoa tope. Mama Pimbi alichimbua kifusi kwa kucha mpaka zikatoka damu. Akamtoa mwanawe mdogo akiwa hai. Wale wawili wengine aliwatoa baadaye. Kilio chake kilijaa bonde zima, na mimi sitaki kukifananisha na kitu chochote.

Sasa, mnaotaka kujua kilichotokea, ni hiki. Ardhi tunayoikanyaga si kipande kimoja. Huko chini kuna miamba mikubwa kupita akili, inasukumana polepole miaka nenda miaka rudi, na kwa kuwa imeng'ang'aniana haiendi popote. Siku moja mwamba unateleza, na sisi tulio juu tunayumbishwa kama kuku kwenye tenga. Baada ya hapo miamba hukaa ikijipanga upya, ikitikisika kidogo kidogo, na pengine si kidogo. Hakuna aliyekosea wala aliyekasirika. Lakini jibu la namna hiyo halina mtu wa kumwogopa wala wa kumlaumu, kwa hiyo Mawemoto hawakulitafuta. Walitazama huku na huku, wakamwona Simba juu ya jiwe, kinywa bado wazi.

"Mfalme amenguruma!" akapiga ukelele Mbweha.

Simba alikuwa ameukunja mkia katikati ya miguu, kwa maana yeye ndiye aliyeogopa kuliko wote. Aliposikia maneno hayo, mkia ukainuka wenyewe.

"Naam," akasema. "Nilikasirika kidogo."

Fisi alimtazama bwana wake, akawatazama wanyama waliokuwa wakitetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu ukame uingie, tumbo lake likapata wazo kabla ya kichwa. Akapanda juu ya jiwe.

"Raia wa Mawemoto!" akasema. "Mfalme wetu ana huruma. Anasema hatanguruma tena. Lakini mnajua koo ni koo. Likikauka linawasha, likiwasha linakohoa, na mmeona wenyewe kikohozi cha mfalme kilivyo. Basi kila nyumba ilete asali ya kulilainisha. Asiye na asali alete mafuta. Asiye na mafuta alete nyama, maana nayo ina mafuta ndani yake."

"Na sisi tuliobomokewa?" akauliza Nungunungu.

"Wewe ndiye unayejua zaidi umuhimu wa kutoa," akajibu Fisi.

Vikaletwa. Mizinga ya asali, mapaja ya nyama kavu, mayai ya mbuni, samaki wakavu wa kabla ya ukame. Ghala likawekwa katika pango kubwa lililobaki wazi baada ya wenyewe kukimbia. Kila jioni Fisi aliingia kuchukua sehemu ya mfalme, na kwa kuwa msemaji mwaminifu hawezi kumpa bwana wake kitu asichokijua, alionja kwanza. Alionja sana. Mbavu zake zilipotea chini ya manyoya, na Simba akaendelea kukonda huku akisifiwa.

Ardhi haikutulia. Mara ilitikisika asubuhi, mara jua la utosi. Fisi hakukosa la kusema. Mfalme amepiga mwayo, leteni asali. Mfalme amepata kwikwi, leteni mafuta. Mfalme ameota ndoto mbaya kwa sababu mmoja wenu ameleta paja dogo. Kila mtikisiko ukaongeza mapaja ghalani, Fisi akafika mahali pa kuutamani.

Tatizo likawa moja. Wanyama walianza kulala nje. Mapango yalikuwa na nyufa, usiku kokoto zilidondoka juu ya waliolala, na waliolala nje wakaanza kuzungumza juu ya kuhamia uwandani, mbali na jabali. Fisi akalisikia hilo. Wakitawanyika uwandani, nani atawakusanya kila asubuhi? Akapiga mbiu kwamba kulala nje ni kumtukana mfalme, kwa sababu mfalme amekwisha ahidi. Anayelala nje anamwita mfalme mwongo.

Mama Pimbi alimfuata chini ya mgunga, mwanawe yule mmoja akiwa mgongoni.

"Bwana Msemaji," akasema, "dari la pango langu limepasuka kutoka mlangoni hadi ndani. Naweza kupenyeza mkono. Nina mtoto huyu tu. Niruhusu nilale naye hapa uwazini."

"Mama, mfalme ameahidi."

"Mfalme aliahidi juzi, na jana jiwe limeanguka mahali anapolala mwanangu. Tulikuwa tumetoka kuchota maji."

"Ilikuwa kwikwi."

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, vumbi la jabali bado masikioni. Fisi aliutazama ule uso mdogo na kitu fulani kikamchoma kifuani. Alikitambua, akakiogopa, akageuka upande wa pili akajifanya anafukuza nzi.

"Rudi pangoni, Mama Pimbi," akasema. "Usinitie matatani."

Sungura alikuwa nyuma ya mgunga, mahali ambapo Sungura huwapo siku zote mambo yanaposemwa. Aliondoka akaenda kwa mzee Nyati, wakanong'onezana, na kesho yake asubuhi, wakati wa kukusanya vyakula, akajitokeza mbele ya baraza zima na heshima zake zote.

"Bwana Msemaji, shikamoo."

"Marahaba, bwana mdogo. Sema upesi."

"Sisi raia tumekubali kurudi mapangoni. Mfalme ameahidi, sisi ni nani hata tubishe? Ila tuna aibu kidogo. Sisi wadogo tunalala ndani, kwenye usalama, na wewe mkubwa wetu unalala nje kwenye hatari."

Wanyama wakacheka chinichini.

"Mimi nalala nje kuwalinda nyinyi," akasema Fisi.

"Ndiyo maana tumeona leo upumzike. Mfalme akishalala usingizi wake wa mchana, na wewe uingie ghalani ulale hadi alasiri. Ukitoka umenona na salama, sote tutaingia ndani na hakuna atakayezungumza tena juu ya uwanda. Na sehemu ya vyakula," Sungura akainamisha masikio, "tutaiongeza maradufu."

Fisi alijua ni mtego. Mnyama yeyote angejua. Lakini lile neno maradufu lilikuwa limekwisha ingia, na likishaingia kwa Fisi halitoki. Tena, akikataa, angekuwa amesema mbele ya wote kwamba pango halilaliki. Akainua kichwa.

"Nitalala kama mtoto mchanga," akasema.

Jua lilipofika utosini, Simba akajilaza juu ya jiwe lake na usingizi ukamchukua. Fisi akaingia ghalani. Nje wanyama wote wakatoka mapangoni wakakaa uwazini kutazama, hata wagonjwa, hata wazee waliokuwa hawajatoka tangu maafa. Hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Ndani palikuwa baridi na kimya. Fisi alitazama juu. Nyufa zilikuwa nyingi kuliko alivyofikiri. Huwa hatazami juu anapoingia humo. Akajiambia ale kidogo atulize moyo. Akala paja. Kokoto moja ikadondoka karibu na sikio lake. Akala paja la pili bila kusikia ladha. Akawa anahesabu pumzi zake, na kila pumzi aliisikia ikirudi kutoka kwenye kuta. Hapo akamkumbuka yule mtoto aliyelala mdomo wazi, naye hakutaka kumkumbuka.

Kisha juu ya jabali kukaanza kunguruma. Dari likatetemeka. Vumbi likamwagika usoni mwake.

Fisi hakungoja. Alichomoka pangoni na paja mdomoni, akalitema mbele ya umati ili apate kupiga kelele.

"Kimbieni! Ardhi! Ardhi inatikisika!"

"Haiwezekani," akasema Sungura kwa upole. "Mfalme amelala. Hata hakoromi."

"Mfalme ana nini na ardhi!" akafoka Fisi. "Hata siku ile alikohoa tu! Kikohozi cha mbuzi! Ardhi inajitikisa yenyewe, wapumbavu nyinyi!"

Kutoka juu ya jabali ukatokeza uso wa mzee Nyati, na nyuma yake ukoo mzima wa nyati, wakihema kwa mbio walizokuwa wakizipiga huko juu.

"Tuendelee, au inatosha?" akauliza mzee Nyati.

Kicheko kilichofuata kilimwamsha Simba. Wanyama walicheka mpaka wakagaagaa. Nyati wakateremka kwa njia ya nyuma nao waje wacheke kwa karibu. Fisi alisimama na midomo ya mafuta, masikio yameanguka, akitafuta la kusema. Na lingepatikana, kwa kuwa hakosi, kama si ule mlio uliotoka chini, mlio wa jiwe la kusagia.

Safari hii si Nyati waliotikisa. Jabali lote liliinama, likanyamaza kidogo, likashuka. Ghala, pango la ukoo wa Nyati, pango la Sungura, pango la Mama Pimbi lenye dari lililopasuka, vyote vikawa kifusi kimoja kirefu kinachofuka vumbi. Wanyama walilala kifudifudi wakishikana miguu na mikia. Wa kwanza kufika mbali uwandani alikuwa mfalme.

Vumbi likaondoka polepole. Wakaitana majina. Kila aliyeitwa akaitika. Hakuna aliyekufa, na hakukuwa na ushujaa wala hekima katika jambo hilo. Walikuwa wameokolewa na umbea. Sungura mwenyewe hakuwa amepanga hilo.

Mama Pimbi ndiye aliyesimama. Alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Bondeni kwetu," akasema, "mnyama akibomoa makao ya wenzake huyajenga kwa mikono yake, hata awe nani. Mfalme, ulituambia ngurumo ni yako. Fito zipo, udongo upo. Unaanza na nyumba ya nani?"

Simba akazitazama kucha zake. Akautazama ule ukubwa wa kifusi. Kiburi chote kikamtoka kwa kasi ya ajabu.

"Mimi? Mimi nina kifua tu," akasema. "Hayo mengine msemaji wangu ndiye aliyeyatangaza. Mimi sikunguruma hata siku moja."

Macho yote yakahamia kwa Fisi. Alikuwa ameanza kurudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa na Nyati.

"Ndugu zangu," akasema Fisi, na sauti yake ilikuwa ya kweli kuliko siku zote. "Naapa, si mimi niliyeyabomoa makao yenu. Hata mfalme si yeye. Ni ardhi! Mmeiona wenyewe! Mimi nina uwezo gani wa kutikisa ardhi?"

"Huna," akasema Mama Pimbi. "Tunajua."

"Sasa?"

"Ardhi hatuwezi kuiita barazani ikajibu. Lakini ardhi haikuniambia nirudi na mwanangu pangoni. Wewe ndiye uliyeniambia."

Nungunungu akamletea jembe. Nyumba zikapangwa uwandani, mbali na mawe, za fito na nyasi, nyepesi, ambazo zikianguka aliye ndani atatoka akijikung'uta. Ya kwanza ikapimwa pale pale, nayo ilikuwa ya mama mwenye mtoto mmoja.

Fisi alilishika jembe, akachimba mashimo ya nguzo mbili. Alipoinama kuchimba la tatu akasimama ghafla, akainua kichwa kwa hofu.

"Na ikitikisika tena, zikaanguka?"

"Utakuwa umekwisha jifunza kujenga," akasema Mama Pimbi. "Chimba."