Buti la Jawaher

Mwiba haupigi hodi. Huingia kimya, na mwenye mguu akiuita kitu kidogo, atakuja kuulea uvimbe. Wahenga walitunga methali yao juu ya mguu. Loice naye ilimjia kwa njia ya mguu, ingawa haukuwa wake.

Loice alikuwa yaya huko Muaither, Doha. Kwa miaka minne hakuwa amemtia machoni mwanawe Trevor, aliyemwachia nyanya yake kule Vihiga, Kenya, akiwa bado ananyonya. Desemba hii Madamu, mwajiri wake, angeipeleka familia milimani kuteleza thelujini, nyumba ifungwe, naye Loice aende kwao. Tiketi ilikuwa tayari!

Mwezi wa Novemba Madamu alimwagiza avitayarishe vifaa vya skii. Vilikuwa vimeshinda kiangazi kizima katika stoo ya juu ya paa, mahali ambapo joto hukausha hata plastiki. Loice alipangusa mbao za kutelezea, akakung'uta glavu. Philipo, dereva kutoka Uganda, ndiye aliyeinua buti la Jawaher, bintiye Madamu wa miaka kumi.

"Dada Loice, tazama hapa kisiginoni. Kuna ufa."

"Ufa gani? Huo mkwaruzo tu."

"Tulipeleke kwa fundi Ijumaa. Na Madamu tumwambie."

"Ijumaa? Kaka Philipo, we! Ijumaa nina kwaya kanisani Mesaimeer. Na Madamu akianza maswali, safari yangu itaingia doa. Mtoto mwenyewe ni mwepesi, buti litamfanya nini?"

Akachukua rangi nyeusi ya viatu, akaupaka ule ufa mpaka ukapotea. Philipo alitikisa kichwa, akalipakia buti pamoja na mizigo mingine. Naye ana lawama zake, lakini tumwache.

Familia ikasafiri. Loice alifunga sanduku lake, akalifungua, akalifunga tena kwa furaha. Siku moja kabla ya safari yake, simu ikalia. Jawaher alikuwa ameteleza kwa kasi, buti likapasuka kisiginoni, akaanguka na kuvunjika mguu mahali pawili.

"Tunarudi leo," Madamu alisema akilia. "Anakulilia wewe tu. Loice, tafadhali usiende. Utaenda kiangazi."

Loice aliketi sakafuni. Aseme nini? Akikiri, atafukuzwa, akinyamaza, atamuuguza mtoto kwa mikono ile ile iliyopaka rangi. Alinyamaza, Mungu amsamehe. Jawaher aliletwa usiku, vidole vimevimba nje ya plasta, akamng'ang'ania yaya wake shingoni. Loice alitamani ardhi immeze.

Kesho yake Trevor alipiga kwa simu ya nyanya.

"Mama, tumeshamkamata jogoo wako! Umefika Nairobi?"

"Niko Doha, mwanangu. Sitaweza kuja."

Mtoto hakulia. Loice alimsikia akimrudishia nyanya simu na kusema, "Si nilikwambia haji?"

Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.