Jina la Mtoto Aliyeshuka kwa Pikipiki

Kesi hii ni ya jina, kwa hiyo majina nitayataja kamili. Mnaosikiliza yashikeni, maana mwishoni nitawataka mlitaje moja.

Katika kijiji cha Ikanza, milimani Upare, walikuwapo wanaume watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mihambo Kaswiza. Huyu hakuzaliwa milimani. Alitoka Urambo, Unyamwezini, akaja kuendesha mashine ya kusaga. Kipaji chake kilikuwa masikio. Mtu angedhani kelele za mashine zingemtia uziwi, kumbe zilimfundisha. Gari likipita barabarani alisema, bila kuinua kichwa kwenye unga, "Yule hana oili," na kweli lile gari halikufika mbali.

Wa pili ni Mbazi Kiondo, kijana aliyekaa ng'ambo ya korongo, akisomba maziwa ya wafugaji kwa pikipiki. Kipaji chake kilikuwa mkono usiojua kufumba. Ukimwomba kaa la moto alikupa na kuni. Wenzake walionyana, "Usimsifie Mbazi shati lake, atalivua."

Wa tatu ni mzee Elieza Mshana, wa ukoo wa wahunzi, aliyekuwa fundi katika karakana ya shamba la mkonge hadi uzee ulipomrudisha nyumbani. Kipaji chake kilikuwa mikono. Unyenyekevu hakujaliwa. "Mimi sikosei," alikuwa akisema. "Chuma ndicho hukosea."

Sasa sikilizeni shida iliyowakutanisha.

Zefania Mmbaga alikuwa na mke, Nakijwa, mja mzito. Daktari wa hospitali iliyo chini tambarare alikuwa amemwambia kwamba mtoto amelala kukingama tumboni, asijaribu kuzalia nyumbani. Ateremke mapema, atapasuliwa. Walikubaliana kuteremka wiki ya mbele. Lakini mvua zikang'oa daraja la korongoni, na barabara ya gari ilipita darajani hapo. Na kabla hawajapata la kufanya, asubuhi moja Nakijwa akashikwa na uchungu.

Ilibaki njia ya ng'ombe, ambayo haikufika korongoni bali ilishuka ubavuni mwa mlima. Gari halipiti, machela ingechelewa. Pikipiki ingeweza. Zefania alikuwa nayo moja kuukuu, ya Kijapani, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Akaitoa, akapiga kiki, ikawaka kwa kelele kama ya bati lililojaa mawe.

Mihambo alizima mashine, mahindi ya watu yakiwa kwenye faneli, akatoka mbio na unga mpaka kwenye nyusi.

"Zima!"

"Nizime nini? Huoni hali ya mwenzangu?"

"Namwona, ndiyo maana nasema zima. Hiyo ni cheni ya taimingi."

"Mnyamwezi, hii pikipiki imepiga kelele tangu marehemu baba yuko hai!"

"Kelele ile ilikuwa ya nje. Hii ya leo inatoka ndani, inagonga ukuta wa injini."

Akamweleza kwa haraka. Pikipiki ina cheni mbili. Moja huonekana na kila mtu, ile inayozungusha gurudumu. Ya pili imefichwa ndani ya injini, nayo huziambia valvu wakati wa kufunguka na wakati wa kufunga, ili zisigongane na pistoni ikipanda. Hiyo ya ndani ilikuwa imelegea kwa uzee. Kwenye mteremko ingeruka, valvu na pistoni zingekutana, na injini ingekufa papo hapo.

"Ikifa hapa, mkeo yuko kwake," alisema Mihambo. "Ikifa katikati ya njia ya ng'ombe, utamweka wapi?"

Zefania akainua mguu kupiga kiki tena. Mihambo akachomoa waya wa plagi, akauficha ndani ya kofia yake, akaivaa kofia.

Walitaka kupigana. Aliyewatenganisha ni Nakijwa, akiwa ameegemea ukuta. "Mkishamaliza ngumi," alisema, "mniambie nazalia wapi."

Hapo Zefania alitoa ahadi ambayo ndiyo kesi yenyewe. Katika ukoo wao, mtoto hupewa jina uani, kabla hajaingizwa ndani kwa mara ya kwanza, na jina ni la mtu aliye hai. Mwenye jina huitwa wajina wake, huwa ndugu wa nyumba ile tangu siku hiyo, na akifa huhesabiwa kwamba bado yupo. Zefania akasema mbele ya watu wote, "Atakayetufikisha hospitali, mtoto akizaliwa hai ataitwa kwa jina lake."

Cheni mpya ingetoka wapi? Pikipiki za namna ile hazitengenezwi tena. Ilikuwapo nyingine moja tu, dada yake hii, iliyonunuliwa siku ile ile duka lile lile na baba yake Mbazi, nayo ilikuwa ng'ambo, cheni yake bado imara. Pikipiki nzima haikuweza kuvuka korongo, na kuzunguka mlima kungemaliza siku. Zefania akakimbia hadi daraja lilipokuwa, akaita mpaka Mbazi akajitokeza upande wa pili.

"Mbazi! Nipe cheni!"

"Chukua, kaka! Ya nyuma?"

"Ya ndani! Ya taimingi!"

 Mbazi akajibu, "Kaka Zefania, ya ndani nikiitoa, pikipiki yangu inakuwa kiti!"

"Nakijwa ameshikwa na uchungu!"

"Sasa si ungeanza na hilo!"

Mbazi aliiegemeza pikipiki yake kwenye mti, ikiwa nzima, imetoka kupeleka maziwa asubuhi hiyo hiyo. Aliifungua, akaipigapiga pini ya kiungo mpaka ikatoka, akaichomoa cheni. Akaifunga ndani ya kitambaa cha kuchujia maziwa pamoja na jiwe, akatia fundo, akarudi nyuma hatua kadhaa, akairusha. Ilianguka kwenye tope la upande wa Zefania. Mbazi akabaki ameshika kiuno, akiitazama pikipiki yake.

Sasa cheni ipo, nani aifunge? Mtu wa kuifunga alikuwa jirani, lakini mzee Elieza Mshana hakuwa amekanyaga ua wa Mmbaga tangu aliposhitakiana na baba yake Zefania kwa ajili ya mpaka. Zefania aliona haya kumwendea. Nakijwa akatuma mtu: "Mwambieni Mzee Mshana, mpaka hauzai."

Mzee akaja na mfuko wake wa spana. Alipofika kwenye masale, mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka, akasimama.

"Ileteni hapa," alisema. "Ua wa Mmbaga siuingii. Pikipiki haina ukoo, itakuja."

Wakaisukuma mpaka kwenye masale, na mkeka wa Nakijwa ukafuata. Mzee alifungua kifuniko cha juu cha injini, akaziba matundu yote kwa matambara ili kisidondoke kitu ndani. Aliikata cheni ya zamani, akaufunga mkia wake kwa uzi wa waya kwenye kichwa cha ile mpya. "Zungusha," alimwambia Zefania, "polepole, kama unamtoa mtoto usingizini." Injini ikazungushwa kwa mkono, cheni kuukuu ikawa inatoka huku na mpya inaingia kule, na mzee ameshika ncha zote mbili zisilegee, maana ikidondokea chini ndani ya injini, kuitoa ni kubomoa injini yote. Ikazunguka, ikafika. Mzee akaunga kiungo, akagonga pini.

Kisha akaweka pistoni juu kabisa, akatazama alama mbili ambazo lazima zilingane. Akanuna.

"Imekosea jino moja."

"Jino moja tu, Mzee Mshana!" Zefania alilia. "Twende hivyo hivyo!"

"Nenda nayo hivyo, valvu zitafunguka si kwa wakati wake. Itawaka hapa, mlimani itakukana."

"Ulisema hukosei!"

"Sikukosea mimi. Wewe ulizungusha kwa pupa."

Nakijwa alikuwa akiuma kanga. Alipoitoa mdomoni alisema, "Zefania, mwache mzee na meno yake. Uchungu ni wangu, mbona wewe ndiye unayepiga kelele?"

Mzee akafungua tena kwa mikono ile ile isiyo na haraka, akalirudisha jino, akatazama alama, akafunga. Mihambo akatoa waya kofiani, akaurudisha kwenye plagi. Kiki moja. Injini ikaimba. Mihambo aliinamisha sikio, akasikiliza, akasema neno moja: "Nendeni."

Walifika. Nakijwa alipasuliwa, akazaa mtoto wa kiume, hai. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu, asingemwokoa yeyote kati ya wawili hao.

Nakijwa alipopata nguvu walirejea Ikanza. Watu walijaa uani. Mbazi alikuja kwa miguu, akizunguka mlima wote. Mzee Elieza alisimama nje ya masale. Bibi Natujwa, mama yake Zefania, alikaa kizingitini na chungu cha maji ya kumwoshea mjukuu miguu, na Zefania akasimama mbele yake amempakata mtoto. Ndipo maneno yakaanza.

"Jina ni langu," alisema mzee Elieza kutoka kule nje. "Cheni mfukoni ni mkufu tu. Aliyeifanya iwe injini ni mimi, na niliifanya mara mbili. Mwanangu wa pekee alikufa bila mtoto. Mnajua hilo wote. Nikizikwa, Elieza amekwisha."

"Shikamoo, mzee," alisema Mbazi. "Sikupingi kwa ufundi. Lakini ninyi wawili mlivyotoa bado mnavyo. Mihambo bado anasikia, wewe bado unafunga. Mimi nilichotoa kimekwisha. Niliyotoa sitaidai, na cheni nyingine sijaipata mpaka leo, na maziwa wamempa mtu mwingine asombe."

"Wewe bado kijana," mtu mmoja akamwambia. "Utazaa, utampa mwanao jina lako."

"Na wewe ungeitoa ya kwako?" Mbazi akamwuliza. 

Mihambo alikuwa nyuma ya watu. Walimwuliza kama hana la kusema. Mwingine akacheka, "Huyo kazi yake ilikuwa kukataza tu! Kukataza hata mbuzi anaweza."

"Ni kweli, nilikataza," alisema Mihambo. "Nisingekataza, kusingekuwa na cheni ya kutupwa wala injini ya kufungwa. Mngekuwa mnahani sasa." Akavua kofia yake. "Nimewasagia unga wa harusi zenu na wa misiba yenu. Nataka kuuliza: humu uani, wangapi wanalijua jina langu? Naitwa Mnyamwezi. Hilo si jina la mtu."

 Kweli wengi hawakulijua.

"Mpeni yote matatu," akapendekeza mmoja.

Bibi Natujwa akatikisa kichwa. "Mwenye majina mengi huitwa na wengi, haitiki kwa yeyote. Ni moja. Na maji yanapoa."

Zefania akamgeukia mkewe. Nakijwa alikuwa ameketi kwa uangalifu kwa sababu ya mshono.

"Mimi usinitazame," alisema. "Kama ni kusema, wote mlishughulika na pikipiki, mtoto nilimbeba mimi. Lakini ahadi uliitoa wewe kwa mdomo wako. Itimize kwa mdomo huo huo."

Mtoto akaanza kulia. Zefania akamtazama mwenye masikio, bila yeye wangekwama mteremkoni. Akamtazama mwenye mkono usiofumba, bila yeye kusingekuwa na cha kufunga. Akamtazama mwenye ufundi, bila yeye cheni ingekuwa mkufu. Akafumbua mdomo.

Mimi naishia hapo, kwa kuwa kila ninapoisimulia kesi hii, wanaosikiliza hunikatiza hapo hapo na kuanza kugombana. Basi gombaneni na ninyi. Majina ni Mihambo Kaswiza, Mbazi Kiondo na Elieza Mshana. Wewe unayesikiliza, mtoto yumo mikononi mwako, bibi yake anangoja kizingitini, na watatu wote wanakutazama usoni. Utamwingiza ndani kwa jina la nani, na wale wawili utawaambia nini?