Kuni Zinataka Mchukuzi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na kompyuta!"

"Nani aliiona?"

"Wewe, uliyekuja kutuongopea!"

Haya, kaeni vizuri. Na wewe wa nyuma acha kucheka, bado sijafika pa kuchekesha.

Hapo kale kila mnyama alikuwa na kompyuta yake. Msiniulize walizipata wapi. Mbona hamuulizi walijifunza wapi kusema? Zilikuwa kompyuta za skrini nyeusi, zisizo na picha ya kubofya. Ukitaka kitu unaandika amri, nayo inakujibu. Ukiandika vibaya, inakujibu vibaya.

Wa kuweka programu mpya alikuwa fundi mmoja tu, Bwana Kiboko, pale kivukoni. Mwenye nguvu ni yeye, mwenye mdomo ni yeye, mwenye tumbo ni yeye. Ujira wake ulikuwa chakula.

Bi Buku, panya wa mashimo, alikuwa na watoto wachanga na ghala la chakula, vyote chini ya ardhi kando ya mto. Masika yaliyopita maji yaliingia shimoni bila hodi, na mtoto wake mmoja hakutoka. Sasa masika mengine yalikuwa yanakaribia. Bi Buku aliogopa mpaka usingizi ukamhama. Akajitwisha boga, akabeba kompyuta yake mgongoni, akaenda kivukoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Boga liko wapi?"

"Hili hapa. Naomba uniwekee programu ya Mafuriko, inijulishe maji yakija."

Kiboko akala boga, kachu! Akaandika, ta-ta-ta! Kompyuta ikakohoa, khoo! Ikagoma.

"Imekuwaje, fundi?"

"Mafuriko inataka Mvua."

"Si uiweke hiyo Mvua?"

"Boga lile lilikuwa la Mafuriko. La Mvua liko wapi?"

Bi Buku akarudi ghalani, akaleta boga. Kiboko akala boga, kachu! Akaandika, ta-ta-ta! Kompyuta ikakohoa, khoo! Ikagoma.

"Imekuwaje, fundi?"

"Mvua inataka Mawingu."

Bi Buku akarudi ghalani, akaleta boga. Kachu! Ta-ta-ta! Khoo!

"Mawingu yanataka Upepo."

Bi Buku akaenda tena ghalani, akaona sakafu. Programu ya kuliokoa ghala ilikuwa imelila ghala. Akalia kidogo, kisha akapangusa masharubu. Akakumbuka jambo. Kiboko anapojiwekea programu zake mwenyewe, huandika mara moja tu, na zote zinakuja zimefuatana, pwa! pwa! pwa!

Akarudi mikono mitupu.

"Fundi, nani anayekuletea wewe vyote kwa mkupuo?"

Kiboko alikuwa na majivuno, kama mafundi wote. "Huyo ni Mchukuzi," akasema. "Ni programu ya kuleta programu. Ukimtuma kitu, anauliza kinataka nini, na hicho nacho kinataka nini. Halafu anakwenda ghala kuu la programu, anabeba vyote."

"Na huko ghala kuu wanatoza maboga mangapi?"

"Hawatozi. Liko wazi kwa kila mtu."

"Basi niwekee Mchukuzi, fundi wangu."

"Thubutu! Ukiwa naye wewe, mimi nitakula nini?"

"Kweli," Bi Buku akasema. "Fundi lazima ale."

Akaenda nyuma ya kichaka na kompyuta yake, akaandika programu ya kwake mwenyewe. Programu ni maneno tu, na maneno Bi Buku alikuwa nayo. Akarudi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Boga liko wapi?"

"Maboga yamekwisha. Lakini nina programu inaitwa Karamu. Ukiiweka, chakula kinakuja chenyewe mpaka mdomoni. Mimi hainifai, mdomo wangu mdogo."

Mate yakamdondoka Kiboko, to! to! to! Akaziunganisha kompyuta mbili kwa waya, akamwamuru Mchukuzi alete Karamu.

"Karamu inataka Sufuria," Mchukuzi akaandika. "Niweke?"

Ndiyo, ta!

"Sufuria inataka Moto. Niweke?"

Ndiyo, ta!

"Moto unataka Kuni. Niweke?"

Ndiyo, ta!

"Kuni zinataka Mchukuzi awekwe kwenye kompyuta ya Bi Buku. Niweke?"

Kiboko akasita, mguu hewani. "Kuni zinamtakia nini Mchukuzi?"

"Fundi nawe!" Bi Buku akasema kwa upole. "Kwani kuni zinajibeba?"

Kiboko akafikiri. Kuni hazijibebi. Na tumbo lilikuwa linanguruma. Ndiyo, ta!

Mchukuzi akapita kwenye waya, tiii, akaingia kwa Bi Buku. Bi Buku akachomoa waya, akaandika amri moja: leta Mafuriko. Ikaja Mafuriko, ikaja Mvua, yakaja Mawingu, ukaja Upepo, pwa! pwa! pwa! Skrini ikasema: Maji yako njiani, hamia mlimani.

"Fundi, tuondoke, maji yanakuja!"

"Nenda wewe. Karamu yangu inakaribia kuiva."

Maana kwake skrini ilikuwa imesema: Kuni zinataka mkata kuni aliyeshiba. Niweke? Ndiyo, ta! Mkata kuni aliyeshiba anataka Karamu. Niweke? Ndiyo, ta! Karamu inataka Sufuria. Niweke? Ndiyo, ta!

Bi Buku akabeba watoto mmoja mmoja kwa meno mpaka mlimani. Njiani akawawekea Mchukuzi Kanga, Nungunungu na Digidigi, na hakumtoza mtu hata punje. Maji yakaja, guuu! Yakaingia mashimo yote, yasimkute mtu. Kule juu watoto wa Bi Buku walikuwa wanalia njaa, wote, kwa sauti kubwa, na mama yao akawasikiliza kwa furaha.

Na Kiboko? Maji hayamwui kiboko, tusidanganyane. Kompyuta ilizama, naye akazama nayo. Mpaka leo ukimwona anazama, anaibuka, anapumua pfuuu, kisha anazama tena, ujue ameshuka kubonyeza Ndiyo.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, lambeni nyote. Ikiwa chachu, nimekwisha imeza mwenyewe.

"Na fundisho lake?"

Fundisho ni hili: waheshimuni mafundi, msitafute njia ya mkato, na mvumilivu hula mbivu.

"Mbona Kiboko anavumilia mpaka leo na hajala?"

Hajavumilia vya kutosha.