Kikombe cha Harusi ya Sayo

Hapo zamani, huko milimani Japani, kulikuwa na mkuu wa kijiji aitwaye Kanemon, mtu wa majisifu asiyejua hata kunoa kisu. Alikuwa anamwoza binti yake, Sayo, kwa kijana tajiri. Na kwa desturi yao, bwana na bibi harusi hunywa kutoka kikombe kimoja cha mbao. Basi Kanemon akaagiza kikombe ambacho wageni wangekisimulia mpaka wazeeke.

Masuzo mchongaji akapewa miezi mitatu. Miwili na nusu akaimaliza kilabuni, akiwaeleza walevi wenzake jinsi kikombe kitakavyokuwa kizuri. Mdomo wake ndio uliochonga!

Alipokichonga hatimaye, akakipeleka kwa Bi Otsune, fundi wa kupaka utomvu wa mti uitwao urushi. Utomvu huo ukikauka hung'aa kama kioo, lakini ukiguswa mbichi, ngozi huvimba. Tena haukaukii juani wala motoni. Hukauka polepole, ndani ya kabati lenye unyevunyevu. Bi Otsune alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alipoona siku zimembana, akakiweka kikombe kando ya jiko. Fundi mzima, jamani!

Kanemon akaja kukichukua.

"Bado siku kumi, mzee," Bi Otsune akamwambia.

"Siku kumi? Wageni nimeshawaalika! Wewe ni nani hata unisubirishe?" Akakinyakua, akaenda zake.

Siku ya harusi bwana harusi akanywa, Sayo naye akainua kikombe. Kesho yake asubuhi bwana harusi akaamka midomo imevimba kama maandazi. Ndugu zake wakamfunika shuka, wakamrudisha kwao, na ndoa ikafia hapo.

Kanemon akaapa kwamba mwenye kosa ataondoka kijijini siku hiyohiyo, asirudi tena.

"Mimi nilichonga tu," akasema Masuzo. "Mbao hazimvimbishi mtu."

"Mimi nilisema bado," akasema Bi Otsune. "Nani alikinyakua?"

"Mimi ni baba wa bibi harusi," akasema Kanemon. "Mafundi ni nyinyi."

Watu wazima hao, wana mvi vichwani!

Ndipo Bi Otsune akamgeukia Sayo. "Hebu mwanangu, kikombe kilikuwa kimoja. Mbona midomo yako mizima?"

Sayo akauchomoa mkono aliokuwa ameuficha ndani ya kimono. Kidole kimoja kilikuwa kimevimba.

"Nilikigusa siku moja kabla ya harusi, kikanata," akasema. "Kwa hiyo nilijifanya nakunywa."

"Na mwenzako ukamwacha anywe?"

"Alipokuja kuniposa alinifungua mdomo, akanihesabu meno kama anayenunua farasi. Baba alikuwepo, akacheka. Nilimwambia simtaki. Nilimwambia mara tatu."



Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa hapo kana kwamba nyumbani kwenu hamna kasoro. Kiapo kimeshatoka, na mmoja lazima aondoke leo. Mchongaji, mpakaji, baba, au bibi harusi? Msinitazame mimi. Je, nani alistahili kufukuzwa?